Mashindano ya baiskeli ya vyuo Mtwara na Lindi, tuanzie wapi?

Kusi_Mbele:
Habari zenu wakuu, shikamoo kwa wakubwa. Mi nasoma chuo hapa Mtwara mjini, tupo kikundi tunaopenda baiskeli, jioni tunatoka Shangani mpaka Mikindani tunageuza, wengine wana za gia wengine wana Phoenix za nyumbani zisizo na gia. Sasa tumepata wazo la mashindano ya vyuo, yani STEMMUCO, TIA, wa ualimu, VETA, wale wa kilimo Naliendele, na ndugu zetu wa VETA Lindi na ualimu Nachingwea, maana kwetu chuoni ukisema michezo ni mpira wa miguu, netiboli na wavu basi, wakati huku kusini watu wamekulia kwenye baiskeli. Nimesoma kwamba Marekani vyuo vina mashindano ya kanda yanaendeshwa na wanafunzi na watu wa kujitolea. Wanafanyaje wenzetu? Wenzangu wanataka tuanze na Mtwara mpaka Lindi moja kwa moja, kilomita mia na kitu, tutafute mdhamini atoe pikipiki kwa mshindi, ila mi roho inasita.

Fundi_Spoku:
Roho yako inasema kweli, isikilize. Ile ni barabara kuu, ya TANROADS, ina mabasi na malori ya saruji yanayotoka Msijute, ukiwaachia wanafunzi mle unahitaji trafiki njia nzima na gari la wagonjwa zaidi ya moja, nani atawapa hivyo vyote mwaka wa kwanza? Halafu fikiria mwenyewe, mwenye baiskeli ya gia na mwenye Phoenix wakianza pamoja, kufika Mnazi Mmoja hawaonani tena, wa nyuma wako peke yao kwenye jua hamna hata wa kuwapa maji.

Fanyeni ya kuzunguka mtaa. Mnachukua mzunguko mfupi wa lami, kilomita moja au mbili, Jumapili asubuhi magari yakiwa bado machache, mnapanda kwa muda, wanaoanza labda nusu saa, wazoefu zaidi, mizunguko ikibaki michache mnaanza kuihesabu na wa mwisho mnapiga kengele. Wazungu wanaita kriteriamu. Uzuri wake kila mtu anaonekana, mama na watoto wanasimama pale pale wanaona mbio zote, na akianguka mtu anafikiwa dakika hiyo hiyo. Kwenye sheria za hizi mbio ukipata pancha unaenda sehemu ya mafundi, unapewa mzunguko wa bure, yani ule uliokosa hauhesabiwi kwamba umepitwa, unarudi kwenye kundi lako, ila mwishoni mwa mbio hiyo haipo tena. Mimi na vijana wa kibandani tutakaa hapo na tyubu na pampu bure kabisa. Jambo moja tu, MCHANGA. Kona za mitaa yetu zina mchanga kuliko lami, zifagiliwe jioni yake na asubuhi tena. Na breki zikaguliwe zote kabla mtu hajapewa namba, asiye na helmeti haanzi hata akilia.

Dada_wa_Ratiba:
Kaka Kusi_Mbele nimefurahi sana kuona hii. Nilisoma Marekani, upande wa kaskazini mashariki, kule kuna kanda ya vyuo inaitwa Eastern Collegiate Cycling Conference, watu wanasema ECCC, iko chini ya chama chao cha taifa USA Cycling. Mimi sikuwa mkimbiaji wa maana, nilikuwa nasimama kona na baadae meza ya matokeo, kwaiyo nimeuona upande wa ndani.

Kanda yenyewe kazi yake kubwa ni ratiba. Wanakaa kabla ya msimu wanagawana wikiendi, chuo hiki mwenyeji wiki hii, kile wiki ijayo, kwaiyo hakuna chuo kinachobeba mzigo wa msimu mzima. Wikiendi ya kawaida unakuta Jumamosi mbio ndefu za barabarani na mbio za timu dhidi ya saa, wanne wanne, kila timu inapimwa muda wake, Jumapili kriteriamu. Wenyeji wanawatafutia wageni pa kulala, hata sakafuni. Na wanaopanda ndio hao hao wanaofanya kazi, wewe ukimaliza mbio zako asubuhi unavaa kizibao unaenda kusimama kona ya wengine.

Lakini kilichonigusa zaidi ni pointi. Kuna madaraja, A la wazoefu kushuka mpaka la wanaoanza, wanawake na wanaume, na pointi za madaraja yote zinaingia kwenye jumla ya chuo. Msichana aliyejifunza juzi kupanda kwenye kundi akishika nafasi ya tano daraja la chini, chuo chake kimepata kitu. Ndo maana manahodha kule wanahangaika kutafuta wageni wa mchezo, wanawafundisha kukata kona, wanawaazima baiskeli. Pikipiki kwa mshindi mmoja itafanya kinyume chake, kila chuo kitaleta kijana mmoja mkali (na wengine watakodi asiye mwanafunzi, tunajuana) basi mwaka ujao hamna mbio. Pesa ya mdhamini iende kwenye maji, helmeti za kuazima na nauli ya wa Nachingwea.

Na hizo Phoenix msizionee haya. Pale Indiana University kuna mbio zinaitwa Little 500, zipo tangu 1951, timu za watu wanne wanapokezana baiskeli, za wanaume mizunguko 200 uwanjani, kama kilomita 80, za wanawake zikaanza 1988 zenyewe mizunguko 100. Baiskeli zote za aina moja, gia moja tu! Uwanja unajaa.

Shida itakayowapata ni hii, mwanafunzi anamaliza chuo anaondoka na kila kitu kichwani. Kule wanaoshikilia kanda wengi walishamaliza zamani, wana kazi zao, wanarudi usiku kujibu barua pepe za manahodha wa miaka 19, hawalipwi kitu cha maana, nawaheshimu sana hao watu. Tafuteni wawili watatu wa namna hiyo MAPEMA, wenye makazi hapa hapa Mtwara na Lindi, na daftari moja la barua, namba za simu, ramani ya kona, likae kwao.

Mzee_wa_Ligula:
Marahaba mwanangu. Nimekuwa kwenye michezo ya shule mkoa huu muda mrefu. Barua ianzie kwa mlezi wa wanafunzi chuoni, igongwe muhuri, iende kwa afisa michezo wa halmashauri, nakala kwa OCD, mkuu wa polisi wilaya, na trafiki, na kwa sababu barabara za mtaa ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, wao pia wajue. Hospitali ya Ligula muwaandikie, na Msalaba Mwekundu muwaalike. Msipeleke wiki moja kabla, hiyo ni dharau. Na vijiwe vya bodaboda nendeni mkaongee na wenyeviti wao, wakiwa upande wenu mtaa umefungwa, wasipokuwa upande wenu utepe hausaidii.

Wakati, chagueni Juni mpaka Agosti, mvua zimeisha na hakuna joto, kusi itavuma lakini kwenye mzunguko kila mtu anaipata sawa. Oktoba mpaka Desemba hapana, ni korosho, malori yanakwenda maghalani na bandarini na wazee wengi watakuwa minadani.

Kusi_Mbele:
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu, Lindi tumeiacha. Mzee barua naanza kuandika kesho, naomba uipitie kabla haijagongwa muhuri. Dada, naomba uwe mmoja wa hao wa kushika daftari. Swali la mwisho, watu arobaini wakizunguka mtaa nani anajua nani kazungukwa, yani kapitwa mzunguko mzima?

Dada_wa_Ratiba:
Nimekubali kaka. Meza iwe na watu watatu, mmoja anataja namba kwa sauti, mmoja anaandika, wa tatu anarekodi video kwa simu bila kuizima. Namba zibandikwe ubavuni upande ule wa meza, ziwe kubwa, na wenye gia na wenye Phoenix wasiwe barabarani muda mmoja. Fundi, kengele unayo?

Fundi_Spoku:
Ninayo, ya shule ya zamani, inasikika mpaka Chikongola.