Tupeane uzoefu: pikipiki inayomisi halafu inapona yenyewe, mwishowe ulikuta nini?

Dereva wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye bodaboda. Mnyororo ukilegea unausikia, klachi ikiisha unaijua. Ila pikipiki inayomisi leo, yaani injini inakatakata, na kesho ikaamka nzima ndiyo iliyowahi kuninyima usingizi kuliko ubovu wowote. Unaipeleka kwa fundi, inanguruma vizuri kabisa, fundi anakuuliza "tatizo liko wapi?" Unaondoka, ukifika mataa inaanza tena kukatakata na abiria yuko mgongoni.

Yangu ilikuwa cc 125. Ilianza na kukata mara moja moja, kama mtu amezima ufunguo na kuuwasha papo hapo. Nikanunua plagi, ikatulia siku mbili, ikarudi. Nikanunua sidiai (CDI, kile kiboksi kinachoamuru cheche), nikanunua koili inayokuza umeme wa plagi. Wiki tatu hesabu ya bosi inapelea na pesa yote inaishia dukani.

Siku moja nikagundua kwamba inakata zaidi ninapokunja kushoto kuingia kijiweni. Nikaipaki, nikaiacha inanguruma, nikazungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Kushoto ikazima. Nikarudia mara nne, zote nne ikazima palepale.

Nikafungua taa ya mbele. Fungu la waya linalopita kwenye shingo ya usukani lilikuwa limechubuka, na waya mmoja mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa unagusa chuma. Kwa pikipiki nyingi ndogo ambazo sidiai yake inalishwa na stata (koili za kuzalisha umeme zilizo kwenye sumaku ya injini, si stata ya kuwashia), waya huo ndio wa kuzimia: ukizima ufunguo, unaunganishwa na bodi (chuma cha pikipiki) na cheche zinakufa. Kwa hiyo kila nilipokunja kushoto, pikipiki ilikuwa inajizima yenyewe kwa nukta moja. Nikaufunga kwa tepu, nikaupitisha upande wenye nafasi, ikaisha. Kipimo cha haraka kwa mwenye dalili kama hizo: chomoa waya huo kwenye soketi ya sidiai, kisha endesha. Ikiacha kumisi, ubovu uko kwenye waya au swichi. Jua tu kwamba ufunguo hautaizima tena, utaizima kwa kushika breki, kuingiza gia na kuachia klachi.

Naomba tupeane uzoefu, ila kwa utaratibu mmoja: usituambie tu ulibadilisha nini. Tuambie ilikuwa inamisi LINI. Ikiwa ya moto? Wakati wa mvua? Mlimani? Tangi likiwa limejaa? Mimi ningejiuliza hivyo siku ya kwanza, nisingenunua ile sidiai.

Fundi Morogoro

Mkuu umegusa penyewe. Yangu ni ya joto.

Mteja wangu anabeba mkaa. Pikipiki inatoka asubuhi vizuri, baada ya kama dakika arobaini inaanza kupiga chafya, inakata, inazima kabisa. Akikaa chini ya mti dakika ishirini inawaka kiki moja. Akifika kwangu imeshapoa, kila kitu kizima. Nikapima koili, sawa. Nikapima palsa, ile koili ndogo iliyo pembeni ya sumaku inayoiambia sidiai lini itoe cheche, nikapata omu 190, na kwa pikipiki ile hiyo ni nzuri.

Nikaona nikiipima baridi nitaendelea kudanganywa. Jirani yangu ana saluni, nikaazima draya ya nywele. Nikaunganisha mita kwenye waya wa palsa, nikaipuliza kwa hewa ya moto huku naangalia namba. Ikapanda kidogo kidogo, halafu ghafla mita ikaonyesha njia imekatika. Nikazima draya, baada ya muda namba ikarudi. Waya mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika, ukipata moto unaachana, ukipoa unagusana. Tulibadilisha palsa, na mpaka leo anabeba mkaa wake.

Koili ya plagi, stata na sidiai nazo hufa hivyohivyo. Kama ubovu unakuja na joto, pima kwenye joto.

Dada wa Maziwa, Tukuyu

Mimi si fundi, nasambaza maziwa asubuhi. Huku kwetu mvua haituachi, kwa hiyo nilikuwa nafunika tangi kwa nailoni na kuikaza kwa mpira ili maji yasiingie kwenye mfuniko.

Ikaanza hivi: nikitoka nyumbani safi, nikienda kama kilomita sita au saba inaanza kukosa nguvu, inavutavuta, inamisi, inazima. Nasimama, nasubiri kidogo, inawaka, natembea tena kidogo, inazima. Fundi wa kwanza alisafisha kabureta. Wa pili alibadilisha plagi. Maziwa yangu yalimwagwa mara mbili kwa sababu nilichelewa.

Kaka mmoja kituo cha mafuta ndiye aliyeniokoa bila kushika spana. Nilipofungua mfuniko tangi likavuta hewa, fyuuu, kwa nguvu. Akaniuliza, "Dada, kwa nini umeliziba pua?" Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa. Kikizibwa, mafuta yanashuka mpaka tangi linabaki linavuta kwa ndani, na petroli haitoki tena. Nilitoa nailoni, nikazibua kitundu kwa sindano, basi.

Dereva wa Kimara (mleta mada)

Dada, ahsante sana, na pole kwa maziwa. Naomba wote mlishike hili alilosema dada: "inakosa nguvu, inavutavuta, halafu inazima". Yangu haikuwa hivyo, ilikata kama kisu na kurudi kama kisu. Kwa niliyoyaona, moto (umeme wa cheche) ukikatika unakatika ghafla na pengine unapasua kwenye ekzosi unaporudi. Mafuta yakikosekana yanakufa polepole, na mara nyingi ukivuta choki inapata nafuu kidogo. Tofauti hiyo peke yake inakuokolea nusu ya kazi.

Nduthi wa Kisii

Hamjambo majirani. Yangu ilikuwa ya asubuhi ya mvua na ukungu. Ikifika saa nne jua limetoka, hakuna kitu, inaenda kama nyuki.

Mzee mmoja fundi aliniambia nirudi usiku. Nilidhani hataki kazi. Nikarudi saa mbili, akazima taa ya gereji, akawasha injini, akachukua chupa ya kunyunyizia maji na kurashia kidogo waya mnene wa plagi na kofia yake. Ndugu zangu, niliona cheche za buluu zinatembea kwenye ufa wa kofia zikirukia kichwa cha injini! Mchana huwezi kuziona hata ukodoe macho. Akakata kama sentimita moja ya waya, ile ncha iliyooza kijani, akaufungia kofia mpya. Nyingi za hizi kofia zina kizuizi cha kama omu 5,000 ndani, kwa hiyo pima hata mpya kabla ya kulipa. Na mikono ikae mbali na ule waya wakati injini inanguruma, moto wake si wa kuchezea.

Kiki Moja

Wakuu mbona mnazunguka sana. Asilimia kubwa ni plagi. Badilisha plagi, mambo yameisha.

Fundi Morogoro

Kiki Moja, plagi mpya ndiyo inayotuchelewesha. Uwazi wa plagi unakua inavyotumika, na uwazi mkubwa unadai umeme mkubwa zaidi kuuruka. Koili iliyochoka ikiwekewa plagi mpya yenye milimita 0.7 inapata nafuu, mteja anashukuru, wiki ijayo amerudi. Mleta mada mwenyewe kasema ilitulia siku mbili. Toa plagi, isome rangi kwanza. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi au moto ni mdogo. Nyeupe kama chaki, hewa imezidi, kakague mpira unaoshika kabureta kama una nyufa. Kahawia ya kawaida, irudishe na utafute kwingine.

Mwenye Moja ya Kazi, Singida

Naona wote ni umeme na mafuta. Tapeti je, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu?

Yangu baridi iliwaka vizuri. Ikishapata moto silensa (mngurumo wa chini bila kuvuta mafuta) haishiki, nikisimama mataa inamisi na kuzima, na kiki inakuwa laini kama haina kompresheni (mgandamizo wa ndani ya injini). Ikipoa, kiki inarudi kuwa ngumu. Niliambiwa ringi zimekwisha, nifungue injini. Kabla sijakubali, fundi mwingine akaingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: valvu ya ekzosi haikuwa na nafasi hata kidogo. Valvu ikipata moto inarefuka, na kama haina nafasi inabaki imefunguka kidogo, kompresheni inapotea.

Aliisubiri ipoe kabisa, akazungusha sumaku mpaka alama yake ya T ikakaa mahali pake (pistoni ikiwa juu kabisa), akahakikisha tapeti zote mbili zimelegea, akarekebisha: milimita 0.05 valvu ya kuingiza, milimita 0.10 ya kutoa. Ya kwako angalia kitabu chake. Alichoniambia nakikumbuka mpaka leo: tapeti inayopiga kelele inakupa taarifa, iliyonyamaza ndiyo ya kuogopa. Kazi ya nusu saa, na nilikuwa karibu kufumua injini nzima.

Mtoto wa Pangani

Yangu fupi. Masika, inamisi kila nikipanda kilima, tambarare safi. Nilifungua skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga kwenye chupa nyeupe: maji chini, petroli juu. Nikamwaga tangi lote, nikaosha na chujio. Imeisha.

Mgeni Kahama

Wakuu, nimesoma yote, naombeni msaada. Yangu inamisi usiku tu, nikiwasha taa na kushika breki kwa pamoja. Mchana hakuna shida. Betri ina mwaka na nusu. Nianzie wapi?

Dereva wa Kimara (mleta mada)

Mdogo wangu, usinunue kitu bado. Huenda sidiai yako inalishwa na betri, na taa zikila umeme inabaki na njaa. Kaza na usafishe vichwa vya betri, kisha fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, toa bolti, piga msasa chuma kiwe cheupe, rudisha. Halafu weka mita kwenye betri injini ikiwa resi ya kati na taa zimewaka. Ikibaki chini ya volti 13, fuatilia kama stata na rektifaya (inayogeuza umeme wa stata uingie kwenye betri) vinachaji. Njoo na mrejesho.

Mgeni Kahama

Mrejesho: bolti ya hasi ilikuwa na kutu na rangi chini yake. Nimepiga msasa. Mita ilisoma 12.6 kabla, sasa 13.8 taa zikiwa zimewaka. Jana usiku nimefanya kazi mpaka saa sita, haijamisi. Leo usiku natoka tena, nitaandika.