Kunakili filimbi ya Bressan: tufuate vipimo vya leo au vya awali?

Mkerezaji: Ninatengeneza nakala ya filimbi ya wima ya Bressan, fundi Mfaransa aliyefanya kazi London mwanzoni mwa karne ya 18. Mchoro wa makumbusho unaonyesha kwamba tundu la ndani si duara tena, kwani kila sehemu ina vipenyo viwili visivyolingana. Nifuate kipi? Isitoshe, ala ya asili inatoa noti ya "la", ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao, kwa mitetemo 405 hivi kwa sekunde, ilhali mteja wangu hupiga na kundi linalotumia mitetemo 415.

Fundi Mbao: Mbao husinyaa zaidi kufuata mkondo wa pete za ukuaji kuliko kuzikatiza, na ndiyo maana tundu lililokerezwa duara limekuwa na umbo la yai baada ya miaka 300. Kipenyo kikubwa ndicho kilichosinyaa kidogo, kwa hiyo ndicho kilicho karibu zaidi na kazi ya fundi mwenyewe, isipokuwa pale ambapo tundu limelika kwa kusafishwa mara kwa mara. Kuchukua wastani wa vipenyo hivyo ni kunakili uchakavu.

Mpuliza Zamani: Kuhusu 415, kumbuka kwamba hayo ni makubaliano ya wanamuziki wa leo, yaliyopendwa kwa kuwa yako takriban nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano) chini ya 440, kiwango cha kawaida cha leo; mafundi wa enzi ile hawakuwa na kiwango kimoja. Usikate mguu wa filimbi, yaani kipande chake cha chini, peke yake, maana noti za chini zitapanda na za juu zitabaki nyuma. Punguza urefu wote pamoja na nafasi za matundu ya vidole kwa asilimia 2.4 hivi. Tundu la ndani nalo ningelipunguza kwa uwiano huohuo, kwa sababu jembamba hupanuliwa, lakini pana halirudi.

Mkerezaji: Nashukuru. Je, mpingo wa kwetu unafaa badala ya mbao za boksi, yaani mti mgumu wa Ulaya uitwao "boxwood"?

Fundi Mbao: Unafaa, na klarineti nyingi za kisasa hutengenezwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Hata hivyo ni mzito kuliko boksi, na mkono wa mpigaji utauhisi katika tamasha refu. Mbao yoyote utakayochagua, toboa tundu la awali, iache itulie kwa miezi kadhaa, ndipo ukereze hadi kipimo cha mwisho.