Nataka kuchangia programu huria ila boto linanidai sahihi, msaada wakuu

fundi_terminali: Wakuu habari za jioni. Kuna mradi wa programu huria upo GitHub nautumia sana, una bagi (hitilafu) kwenye ripoti, tarehe zinarudi siku moja nyuma. Kumbe inahifadhi kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwahiyo saa sita usiku yetu kwao bado ni saa tatu usiku ya jana. Nimerekebisha nikatuma puli rikwesti (ombi la kuingiza marekebisho yangu), mainteina, msimamizi wa mradi, kaipenda, ila boto limeweka alama nyekundu linasema sijasaini DCO, ile hati ya kuthibitisha chanzo cha msimbo (kodi ya programu). Wiki nzima silali vizuri. Nifanyeje?

Kobe_Mjanja: git commit --amend -s, hiyo inaweka sahihi, halafu git push --force-with-lease kutuma upya. Imeisha hiyo.

mama_junior: Mi ningekushauri uanze na tafsiri mdogo wangu. Firefox na LibreOffice zinatafsiriwa na watu wa kujitolea, hapo hakuna wa kukukaba.

Mzee wa Mlimani: Umenikumbusha mbali. 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Nilimwekea marehemu mjomba, akawa anaita majirani waje waone, kuandika chenyewe haandiki hata barua moja 😂

bajaji_mwekundu: Kwani wanalipa bei gani?

Dada Kerneli: Mleta mada, kusaini ni kuongeza -s tu. Mtu hakosi usingizi kwa -s. Huo msimbo umeuandikia wapi?

fundi_terminali: Dah. Haya. Niliuandika kazini, laptop ya ofisi, na hayo marekebisho yapo pia kwenye mfumo tunaouzia wateja. Mkataba unasema chochote nikiandika muda wa kazi ni mali yao. Lakini jamani ni mistari michache, na nilimalizia nyumbani kwa bando langu mwenyewe, na bagi lenyewe wao hawakulijua mpaka mimi nilipoliona!

Dada Kerneli: Nilijua tu. Hiyo sahihi ndio unathibitisha una haki ya kuutoa huo msimbo kwa leseni ya mradi. Linux waliiweka 2004, baada ya kampuni ya SCO kumshtaki IBM 2003 kwamba mali yake imeingizwa mle. Muombe bosi ruhusa ya maandishi. Akikataa, funga hiyo puli rikwesti, wape maelezo ya bagi tu bila msimbo, mwingine aandike upya.

fundi_terminali: Bosi nikimuuliza ndo nimejichoma. Na mainteina kashasema anaisubiri, nitaonekana mbabaishaji.

Mtumishi_wa_Bwana: Mali ya mwajiri ni mali ya mwajiri kijana. Hata kalamu ukienda nayo nyumbani ni wizi.

bajaji_mwekundu: Mtumishi hiyo WiFi unayotumia hapa sasa hivi ya nani? 😂😂

Kobe_Mjanja: Ngoja kwanza. Huyu si ndo alileta uzi wa kuku wa nyama Kibaha, anasema ameacha ajira? Hii ni chai, tena ya maziwa. Ofisi gani hiyo?

Mzee wa Mlimani: Hata mimi naona imekaa kihadithi.

fundi_terminali: Kuku ni wa shemeji nilimwandikia mimi! Chai gani sasa, nabandika picha ya komiti (rekodi ya hayo mabadiliko kwenye git) mjionee, nimeficha jina langu.
[picha]

Dada Kerneli: Umeficha jina, barua pepe ya ofisi yenu hiyo hapo chini inasomeka vizuri kabisa. Na kama ipo kwenye komiti basi ipo na GitHub, dunia nzima inaiona.

mama_junior: Uwiii. Futa picha haraka!

bajaji_mwekundu: Nishaipiga skrinishoti 😂 nimewaona, ile kampuni jengo la vioo

fundi_terminali: Nimefuta. Kwahiyo nikibadili barua pepe kwenye komiti niweke ya kwangu, halafu nisaini, si inakuwa imeisha?

Dada Kerneli: Rudi kasome nilichokuandikia.

fundi_terminali: Nimesoma. Nauliza tu.