Binti ana divisheni wani ya pointi 16, shule inamfukuza, na wanataka mimi ndio niandike barua kuwa nimeomba ahame

Wakuu salaam.

Nina hasira kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya mambo, na uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu hakuna ugomvi. Shule siitaji jina. Iko huku huku nyanda za juu kusini, binafsi, ya bweni, ile aina ya shule ukisema mwanao anasoma pale kwenye kikao cha harusi wanakupisha kiti.

Binti yangu aliingia kidato cha kwanza Januari 2022. Kuingia kwenyewe ni habari nyingine. Darasa la saba alikuwa na A, pale A ni kama kiingilio cha geti tu. Fomu ya usaili 30,000, siku ya usaili tulikuta watoto wamejaa uwanja mzima, mwalimu akatangaza kwenye spika kuwa wamefika 400 na ushee na nafasi ni 80. Pepa tatu, hesabu, kiingereza na sayansi. Sisi wazazi tulikaa nje ya uzio tangu saa mbili mpaka saa tisa mchana hatuongei, kama watu wanaosubiri mgonjwa atoke tieta. Alipochaguliwa nilipiga simu mpaka kwa ndugu wa Kyela ambao tulikuwa hatuongei tangu msiba wa mzee. Sijifichi, nilijisikia sana.

Ada milioni 3.2 kwa mwaka, awamu nne, hapo bado hujaweka ile karatasi ya mahitaji: godoro la futi mbili na nusu, blanketi mbili, masweta mawili yenye nembo (unanunua dukani kwao tu, la sokoni hapana hata kama rangi ni ileile), ndoo, jembe, reki, rimu za karatasi, tranka la bati lenye kufuli mbili. Mimi ni mtu wa viazi Uyole, nanunua shambani Igoma huko, napakia, napeleka Dar. Mwenye kuijua biashara hii anajua milioni 3.2 ni magunia mangapi na ni usiku mangapi wa kulala kwenye fuso. Nililipa. Sijawahi kudaiwa zaidi ya wiki mbili.

Sasa maisha ya pale. Kuamka saa kumi alfajiri, na baridi ya huku ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua wenyewe, maji ya bomba unaoga meno yanagongana. Prepo ya asubuhi, vipindi, prepo ya jioni mpaka saa nne usiku. Ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni unashinda nacho mpaka umkamate mwenzako. Jumamosi mtihani. Kila Jumamosi. Jumatatu matokeo yanabandikwa ubaoni majina yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, walio chini ya wastani wanapigiwa mstari mwekundu. Niliyaona kwa macho yangu siku ya kutembelea watoto, na mtoto mmoja wa kiume alikuwa amesimama pembeni kaweka kiganja kwenye karatasi kafunika jina lake ili mama yake asilione.

Hayo yote nilisema sawa, ndio ushindani, shule ya vichwa lazima iwe hivyo. Mtoto kidato cha pili akafanya mtihani wa taifa 2023 akapata divisheni wani. Furaha tupu.

Matatizo yakaanza 2024. Mwezi wa pili mwalimu wa fizikia akapata ajira serikalini akaondoka, simlaumu, kila mtu anatafuta maisha. Lakini kuanzia hapo mpaka mwezi wa sita hakukuwa na mwalimu wa fizikia kidato cha tatu. Wakuu, shule ya milioni tatu! Wakaletewa kijana aliyemaliza fomu siksi anasubiri kwenda chuo, binti anasema alikuwa anaandika swali la pepa la zamani ubaoni, anaandika na majibu yake, anafuta. Akiulizwa imekujaje anasema hiyo formula ikariri tu. Mwalimu wa hesabu naye walibadilishiwa katikati ya mwaka. Na silabasi wao wanataka iwe imeisha kabla ya kidato cha nne kuanza, ili mwaka wa mwisho uwe wa pepa peke yake, kwa hiyo walikimbizwa bila mwalimu. Unakimbizwa na nani sasa?

Desemba matokeo ya kufunga mwaka yametoka. Nayaandika yote hapa mjihukumie: Kiswahili 78, Kiingereza 70, uraia 69, baiolojia 66, historia 64, jiografia 63, kemia 55, fizikia 48, hesabu 42. Wastani 61.7. Wastani ambao shule inataka ufikishe kidato cha tatu ni 65.

Sasa chukueni viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, na pointi chache ndio bora. Masomo saba bora: A moja, B tatu, C tatu. Moja, jumlisha sita, jumlisha tisa, ni 16. Divisheni wani inaishia 17. Yaani mtoto huyu angefanya mtihani wa taifa kesho asubuhi na alama hizo hizo, ana divisheni wani! Halafu mtoto huyo huyo ndiye nimeitwa ofisini kuambiwa hana uwezo.

(Na hiyo A pekee ni ya Kiswahili, lugha aliyovalishwa kibao kwa kuiongea. Tuendelee.)

Nimefika ofisini nimevaa shati la kanisani kabisa. Yupo mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma. Shikamoo za hapa na pale, habari za biashara mzee, viazi vinasemaje, nikaletewa na soda. Ukiona umeletewa soda kwenye ofisi ya mwalimu jua kuna jambo. Taaluma akafungua faili akasema "mzee, sisi na wewe ni familia, tunaona binti anapata shida, tunakushauri umtafutie shule inayoendana na kasi yake". Nikamuuliza kasi ipi mwalimu, ya fizikia isiyo na mwalimu? Akasema changamoto hiyo ilikuwa ya darasa zima na wengine wamefikisha. Nikamwambia wengine baba zao waliwalipia tuisheni likizo ya mwezi wa sita mjini, mimi nilijua nimeshalipia kufundishwa huku kwenu.

Basi nikaambiwa njia ziko tatu. Ahame kabla usajili wa NECTA haujaanza. Au arudie kidato cha tatu. Au abaki pale pale, alale bweni lile lile, ale ugali ule ule, alipe ada ile ile, ila kusajiliwa asajiliwe kituo kingine, kuna shule ndogo "wanashirikiana nayo", akafanyie mtihani huko ili matokeo yake yasisomeke kwao.

Hiyo ya tatu nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia rudia. Akarudia bila hata aibu.

Nikasema sawa, nipeni kwa maandishi kuwa mnamtoa kwa sababu ya wastani. Wakaangaliana. Mkuu akasema "hapana mzee, hayo hatuandikiani, tunaelewana tu kama wazazi". Halafu taaluma akavuta droo akatoa karatasi imeshachapwa, wameacha vidoti vya jina la mzazi na jina la mwanafunzi. YAH: OMBI LA KUMHAMISHA MTOTO WANGU. Mimi mzazi wa nukta nukta nukta naomba kumhamisha mtoto wangu kutokana na kuhamia mkoa mwingine kikazi. Imechapwa hivyo! Kikazi! Mimi nimezaliwa Uyole, kazi yangu iko Uyole, mama yangu amezikwa Uyole, nahamia wapi?

Na sababu ya karatasi ile mnaijua. Serikali ilishapiga marufuku shule binafsi kukaririsha (kurudisha darasa) au kuhamisha watoto kwa kigezo cha wastani wa shule. Kwa hiyo hawafukuzi, wao wanapokea maombi. Akija mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anakuta faili limejaa wazazi wanaohamahama kikazi, mtu atafikiri wote ni wanajeshi. Droo ile haikuwa na karatasi moja wakuu, niliona bunda.

Kinachoniuma zaidi ni nini? Tangu Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, tukajua huu ugonjwa utapungua. Wapi. Wanajitangaza wenyewe, bango barabara kuu, divisheni wani asilimia mia, pointi 7 idadi kadhaa, picha za watoto wamevaa tai. Wa pointi 16 anawaharibia bango. Mimi nikienda shambani nachagua viazi vikubwa vya kupeleka Dar, vidogo naviacha, ni biashara. Lakini sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema mimi ni mkulima hodari angalieni viazi vyangu. Hawa wanachagua watoto 80 kati ya 400 na ushee, kila mwaka wanapunguza tena, kidato cha nne wanabaki 60 hivi, halafu wanajiita walimu bora kanda nzima. Shule ya kata hapa jirani kwangu darasa lina watoto 70, wanapokea kila aliyefaulu darasa la saba, hawana pa kumpeleka mtu kabla ya mtihani, na bado mwaka jana walitoa divisheni wani kadhaa. Mwalimu wa hesabu wa pale anapanda bodaboda na daftari za watoto kwenye mfuko wa rambo. Huyo hana bango.

Na niseme ukweli hata kama unanidhalilisha. Kidato cha pili kilipoisha mtoto wa rafiki yangu wa Mbalizi alitolewa hivi hivi. Aliponisimulia nilimwambia labda dogo hasomi, mbane. Nilimwambia hivyo tukiwa tunakula. Leo nimempigia simu kumwomba radhi, kacheka tu, akaniuliza "na wewe umehamia mkoa gani?"

Siku ile ya ofisini niliondoka na binti. Tumefika Makambako tukashuka tule kitu, upepo wa pale mnaujua, nikaona kageuza sweta la shule nje ndani, mishono yote iko nje. Nikadhani kavaa kwa haraka, nikamwambia mama geuza sweta. Akasema liache tu baba. Ndio nikaelewa anaficha nembo. Chipsi hakumaliza.

Mama yake anataka tusaini yaishe, anasema tukigombana watamnyima karatasi za uhamisho na namba yake kwenye mfumo ikwame, mtoto akose kotekote, na hapo ana hoja, maana cheti cha matokeo chenyewe wamekishikilia mpaka nimalizie 45,000 ya mchango wa mahafali ya dada zake wa kidato cha nne waliomaliza. Mahafali ambayo hata hakula keki.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu. Anayesema nilisaini mwenyewe fomu ya kujiunga, ndio nilisaini, imeandikwa asiyefikisha wastani "atapewa ushauri". Huu ndio ushauri? Anayesema kubali asajiliwe kituo kingine maana cheti ni cheti, ndugu yangu, nimelipa miaka mitatu halafu mtoto aletwe mlango wa nyuma kama mzigo wa magendo Tunduma? Na yule aliyesema binti yangu ni kilaza, rudi juu ukahesabu pointi, kama 16 ni kilaza tuwekee hapa cheti chako.

NYONGEZA 2: asanteni mliokuja inbox. Nimeelekezwa nianzie kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri iliko shule, nakala kwa wathibiti ubora, nibebe ripoti ya matokeo na ile karatasi yao ya ombi. Ripoti halisi wanayo wao, mimi nina picha niliyopiga kwa simu mezani kwao taaluma alipotoka kupokea simu. Karatasi ya ombi ninayo, niliwaambia naenda kuisoma na mama yake. Kama kuna mzazi mwingine alipewa karatasi ya namna hiyo, ile ya kuhamia mkoa mwingine kikazi, hata kama ni ya miaka ya nyuma, hata kama alishasaini, naomba anitafute inbox kabla ya Jumatatu. Jumatatu wanafungua, tranka nimeshalipakia kwenye gari, na binti nampeleka.