Tupeane uzoefu: uliyeacha gari kubwa ukachukua kigari cha dizeli, ilikuwaje?

Mkazi wa Tegeta (mwanzisha mada)
Habari za asubuhi wakuu. Jana nilikuwa sheli najaza Toyota Kluger yangu. Nimeweka laki moja, mshale umesimama nusu. Pembeni yangu dada mmoja ana Mazda Demio ya dizeli, kaweka elfu sitini, akaniambia hiyo inamtosha kwenda Morogoro na kurudi. Usingizi ulinipaa.
Watoto wakubwa wameshahama, nyumbani tumebaki wanne. Viti saba vya nini? Kuna yadi ya magari wamenipigia hesabu: niache Kluger kwa milioni 11, niongeze 9, niondoke na Demio ya 2015, cc 1,500 dizeli, kilomita 68,000. Safari zangu ni Tegeta–Posta kila siku, kanisani Jumapili, kijijini Desemba. Jumamosi ndiyo natakiwa kusaini. Mliopita njia hii semeni chochote, hata kama ni kibaya.

Chausiku wa Mbagala
Umenigusa mkuu. Nakaa hapa nisome.

Fundi Nozeli
Kaka, kabla ya kuangalia kilomita za kwenye dashibodi, tazama safari zako mwenyewe. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Likijaa, injini yenyewe inapuliza dizeli ya ziada ili moto upande na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka barabara iliyofunguka, mwendo wa kutulia dakika kumi na tano, ishirini. Wewe uko kwenye foleni ya Mwenge, simama-nenda. Gari inaanza kuchoma, unafika Posta, unazima. Jioni inaanza tena, unafika Tegeta, unazima. Ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili.
Ndiyo maana kijiti cha oili cha hizi Skyactiv-D, injini za dizeli za Mazda, kina alama ya X juu ya F, ile ya oili kujaa. Watu wanaona oili imepanda wanafurahi kwamba gari haili oili. Imepanda kwa sababu imechanganyika na dizeli. Ikifika X, mwaga siku hiyo hiyo. Na usiiwekee oili ya malori eti kwa kuwa zote ni dizeli. Tafuta iliyoandikwa C3 au DL-1, yenye majivu kidogo, maana majivu ya oili hayaungui, yanabaki kwenye chujio mpaka kiama.
Siku ya kukagua nenda mapema, injini ikiwa baridi. Kisha ingiza kidole ndani ya bomba la moshi. Kama chujio ni zima kidole kinatoka kisafi. Kikitoka cheusi kama umeshika chungu cha mkaa, ujue chujio limepasuka au kuna mtu kalitoa.

Dereva wa Msamvu
Fundi anatisha watu bure. Mimi ninayo mwaka wa tatu, Moro–Dodoma kila wiki, lita moja inanipa kilomita 20 bila jasho, na ukikanyaga kupita lori unasikia mgongo umebanwa kwenye kiti. Na hiyo Demio ndiyo iliyobeba tuzo ya gari la mwaka Japan 2014–2015, wale si watu wa kutoa tuzo hovyo.

Fundi Nozeli
Msamvu, umesoma nilichoandika? Wewe unatembea Moro–Dodoma. Ndiyo gari yako hasa. Mwenzako anakaa kwenye foleni saa tatu kwa siku.

Mjukuu wa Kihesa
Naombeni niseme yangu, ni ndefu. Nimeona neno sheli na kidonda kimefunguka.
Nilikuwa na kigari cha dizeli, nimekipata kwa kubadilishana na Noah. Mwaka juzi baba mdogo alifariki Iringa. Yeye ndiye aliyenisomesha tangu darasa la tano. Maziko saa saba mchana. Tukatoka Dar saa tisa usiku, mimi na mama. Karibu na Chalinze taa ya mafuta ikawaka, nikaingia sheli. Nilikuwa kwenye simu na shangazi, naulizwa sanda ya ziada inatakiwa au la. Nikamwambia kijana "weka elfu themanini". Sikusema mafuta gani. Yeye kaona kigari kidogo, huku kwetu kigari kidogo ni petroli, akachomeka bomba la petroli.
Nikalipa, nikawasha. Kilomita mbili hazikufika. Injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa kopo lenye kokoto, nguvu ikaisha, taa zikawaka zote, tukasimama pembeni ya barabara giza bado halijaondoka. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ni nini?" Nikafungua kifuniko cha tangi nikanusa. Harufu ya petroli ikanipiga usoni. Kifuniko kwa ndani kimeandikwa dizeli, herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa.
Mabasi yalipita yamejaa. Tulipata nafasi saa nne kasoro, ya kukaa kwenye gia. Tumefika Iringa kaburi limeshafukiwa, watu wananawa mikono. Mama alikaa pale chini hakusema neno.
Gari ilirudi Dar kwenye gari la kubebea magari. Fundi alipofungua pampu alinionyesha kwenye kiganja chake unga wa chuma unaometameta. Dizeli ndiyo inayoilainisha ile pampu, petroli inaiosha, vyuma vinasagana, na ule unga unasafiri hadi kwenye nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Pampu, nozeli nne, kusafisha tangi na mipira yote: milioni sita na ushee. Sheli walinirudishia elfu themanini zangu.

Chausiku wa Mbagala
Pole sana dada. Hapo kwa mama umeniliza.

Dereva wa Msamvu
Pole mwaya. Mimi siku hizi nashuka, nasimama na mhudumu, nasema DIZELI mara mbili, namuangalia anachukua bomba lipi.

Fundi Nozeli
Pole dada. Na wengine shikeni hili: ukigundua kabla hujawasha, usiguse hata ufunguo. Magari mengi ukifungua swichi tu pampu ya tangini inaanza kusukuma. Acha imezimwa, isukumwe pembeni, tangi linyonywe lote. Hapo utalipa kazi ya fundi na chujio la dizeli, basi.

Kijana wa Sinza
Tatizo lote hili la chujio linaisha kwa kulitoa tu. Unatoboa, unafuta kwenye kompyuta ya gari, unasahau. Laki chache. Kila mtu anafanya.

Bibi Afya
Kila mtu nani? Mwanangu ana pumu. Masizi ambayo hilo chujio linashika ndiyo yale madogo yasiyoonekana, yanaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Unatoboa, halafu unapaki nje ya shule asubuhi ukiwa umewasha injini, watoto wa wenzio wanavuta.

Kijana wa Sinza
Mama, daladala zinatoa moshi mweusi kila siku umenyamaza, leo umeniona mimi?

Bibi Afya
Sijanyamaza. Na daladala haikujengwa na chujio ukaling'oa wewe.

Mzalendo wa Aqua
Chukueni haibridi, ya petroli na umeme, tuache malumbano. Kwenye foleni ndiyo inakula kidogo zaidi.

Kijana wa Sinza
Na betri ikifa utauza shamba?

Mwana wa Kisauni
Hamjambo nyote. Sisi huku Mombasa gari ikishapita miaka minane haishuki bandarini, kwa hivyo hizi za dizeli twazipata changa kidogo, lakini kilomita hurudishwa nyuma vilevile. Dawa yake: mwambie muuzaji akuonyeshe cheti cha Japan cha kuifutia gari usajili ili isafirishwe. Huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Linganisha na dashibodi. Akikwambia cheti kimepotea, nawe potea.

Mkazi wa Tegeta
Ahsanteni sana, nasoma kila neno. Dada wa Kihesa, pole mno. Fundi, kwa hiyo kwangu mimi dizeli ni hapana kabisa?

Fundi Nozeli
Sijasema hapana. Kama kila Jumamosi utaipeleka Bagamoyo na kurudi bila kusimama simama, itaishi. Kama hutaweza, ipo ya petroli ya cc 1,300, mwili uleule. Hata ukiagiza mwenyewe, zote zinaangukia kundi moja la ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, cc 1,001 hadi 2,000.

Mstaafu wa Ukonga
Vijana, mnaongea injini tu. Mimi nataka kuongea juu ya ile gari mnayoiacha.
Niliacha Prado yadi nikachukua gari ndogo, wakanirudishia chenji. Kijana wa pale ni mcheshi, kanipa soda, kanipa fomu ya kuhamisha umiliki nisaini. Mahali pa jina la mnunuzi pako wazi. Nikamuuliza. Akasema, "Mzee, tukipata mteja tutajaza, mambo ya kadi tuachie sisi." Nikasaini. Nikaacha na nakala ya kitambulisho changu.
Miezi minne baadaye faini za mwendo kasi zikaanza kusoma kwenye namba ile. Makambako, Mafinga, Igawa. Nikapiga simu yadi, wakasema mteja atalipa. Nikaacha.
Siku moja saa kumi na moja alfajiri mlango unagongwa. Nimetoka na shuka kiunoni. Askari wanne. Wananiuliza jina, nikajibu. Wananiuliza, "Prado yako iko wapi?" Nikasema nimeiuza. "Kwa nani?" Wakuu, sikuwa na jina. Miaka mitatu nimestaafu, nimelitumikia taifa hili miaka thelathini na nne, nimesimama mbele ya wajukuu zangu siwezi kusema nimemuuzia nani gari.
Ile gari ilikuwa imemgonga mama muuza ndizi mkoani usiku, dereva akakimbia. Kadi inasoma jina langu. Nilikaa kituoni siku mbili. Kilichoniokoa ni karatasi moja ya daftari ambayo mke wangu alimlazimisha yule kijana aandike, kwamba amepokea gari namba fulani, tarehe fulani, saa fulani, akasaini. Mimi siku ile nilimwona mke wangu msumbufu. Yule mama wa ndizi alipona, mguu ukabaki mfupi. Nilikwenda kumuona. Sikuwa na deni naye kisheria, lakini nilikwenda.

Chausiku wa Mbagala
Mungu wangu.

Dereva wa Msamvu
Shikamoo mzee. Hapa nimeacha usukani nimepaki nisome vizuri.

Mzalendo wa Aqua
Kwa hiyo dereva alipatikana? Yadi walichukuliwa hatua?

Mstaafu wa Ukonga
Marahaba. Dereva alipatikana. Kesi ipo, siwezi kuandika zaidi.

Mwenye Yadi
Mimi ni mfanyabiashara wa magari, najisikia vibaya kusoma haya. Si wote. Kwangu gari haitoki na haiingii bila mkataba wa wakili. Ila na nyie wauzaji mnachangia, mtu anataka kumaliza kila kitu kwa nusu saa, ukimwambia asubiri kadi ibadilishwe anakwenda kwa jirani.

Kijana wa Sinza
Mkuu, na bei je? Kluger milioni 11 mnaiuza ngapi? 16?

Mwenye Yadi
Inategemea. Tunalipa pango, tunarekebisha, gari inaweza kukaa miezi minne.

Kijana wa Sinza
Basi auze mwenyewe mtaani, hiyo milioni tano ni ada ya shule.

Bibi Afya
Auze mtaani akutane na watu wa "naomba nijaribu mara moja" wasiorudi? Yadi ni salama zaidi, mradi karatasi ziwe sawa.

Mwana wa Kisauni
Muuzie mtu umjuaye nyumbani kwake.

Dereva wa Msamvu
Usimuuzie umjuaye! Gasketi ikiungua baada ya mwezi undugu umekwisha.

Mjukuu wa Kihesa
Mzee wa Ukonga, nimesoma mara mbili. Noah yangu nayo niliiacha hivyohivyo. Sijui iko wapi. Kesho naomba ruhusa kazini.

Mstaafu wa Ukonga
Nenda binti yangu. Beba nakala ya kila kitu. Kama huna karatasi yoyote, watafute wakupe leo wakiwa bado wanapokea simu.

Mkazi wa Tegeta
Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. Nimefika yadi saa mbili asubuhi. Nimeweka kiganja kwenye boneti: ya moto. Nikauliza, wakasema wameisogeza tu. Nikavuta kijiti, oili iko juu ya F, haijagusa X lakini haiko mbali, na inanuka kama taa ya chemli. Nikaingiza kidole kwenye bomba, nimerudi nacho cheusi hadi kwenye kucha, mpaka sasa sabuni haijatoa. Cheti cha Japan hawana.
Hata hivyo, nakiri, ile gari ni nzuri kwa macho na moyo ulikuwa bado unaitaka. Nikasema tuone karatasi. Wakanipa fomu, mahali pa mnunuzi pako wazi. Nikaomba waandike jina la yadi. Yule kijana akanitazama, akasema, "Mzee wangu, mambo ya kadi tuachie sisi." Maneno yaleyale. Nikachukua ufunguo wangu wa Kluger pale mezani nikaondoka.
Fundi, natafuta ile ya petroli cc 1,300. Kluger naiuza mwenyewe, milioni 15, maongezi yapo.

Chausiku wa Mbagala
Niko na shemeji Bunju anatafuta Kluger. Kadi inasoma jina lako?