Tupeane uzoefu: ulifanyaje mpaka ukaona vizuri ndani ya hedseti ya VR?

Mwenye Chumba (Ntinda)

Wakuu, salaam. Nina chumba kidogo cha michezo ya VR, ile ya kuvaa hedseti yenye skrini machoni ukajiona uko ndani ya picha, hapa Ntinda, Kampala. Watu wanalipa, wanavaa, wanacheza, wanaondoka. Na karibu kila wikendi nasikia swali lilelile: "Mbona kuna ukungu?" Wengine hata hawaulizi. Wanavumilia hadi muda wao unaisha, wanatoka wakipikicha macho, na moyoni wameshaamua kwamba VR ni kitu cha kuumiza kichwa. Hilo linanisikitisha, kwa sababu mara nyingi kifaa ni kizima na macho ni mazima. Kilichokosekana ni dakika mbili za kukikalisha sawa usoni.

Naanza na ninavyofanya mimi, kisha nanyi mseme yenu.

Mkanda kwanza. Wengi huuvalia juu kama kofia. Unatakiwa ushuke nyuma hadi chini ya ule mfupa uliotokeza wa kisogo, ukamate pale. Quest 3, hedseti ya kampuni ya Meta, ina gramu 515 na uzito wake karibu wote uko mbele, kwa hiyo mkanda ukikaa juu, hedseti inateleza kuelekea puani na lenzi zinashuka chini ya mboni. Zikishuka milimita chache tu, maandishi yanafifia. Mkanda wa utosini ndio unaobeba uzito. Wa pembeni kazi yake ni kuzuia isicheze. Ukiukaza sana huo wa pembeni utabaki na alama mashavuni na kichwa kitagonga.

Kisha namwambia mteja aishike hedseti kwa mikono miwili, aisogeze juu na chini polepole huku akitazama maandishi madogo, kwa mfano saa iliyo kwenye menyu. Kuna mahali maandishi yanakuja ghafla, kila herufi na ukingo wake. Abaki hapo hapo, ndipo nakaza. Kuna mama alikuja na wanawe, akavaa, akasema yeye haoni kitu, awaachie watoto. Nikamwomba asogeze kidogo juu. Akanyamaza, halafu akaanza kusoma kwa sauti kila neno lililokuwa mbele yake, moja baada ya jingine, hadi chini. Wanawe walisubiri sana siku hiyo.

La tatu ni umbali kati ya mboni na mboni. Lenzi mbili zinatakiwa zilingane na umbali huo. Kwa watu wazima wengi ni milimita 63 hivi, lakini tunatofautiana sana. Quest 2 na Quest 3S zina nafasi tatu tu za lenzi: 58, 63 na 68. Unazisukuma kwa mkono. Quest 3 ina gurudumu dogo chini, unalizungusha na namba inaonekana kwenye skrini. Kujipima ni rahisi: simama mbele ya kioo karibu sentimita 20, weka rula kwenye nyusi, fumba jicho la kulia na uilinganishe sifuri na mboni ya kushoto, usitikise kichwa, fumba la kushoto, soma namba iliyo chini ya mboni ya kulia.

Haya, uwanja ni wenu.

Binti Bombo

Asante kaka. Mimi navaa hijabu na miwani, kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili kwa pamoja.

Hijabu: kitambaa cha hariri kinateleza, mkanda haukai. Navaa kofia ya ndani ya pamba, naifunga vizuri, halafu mkanda unapita juu yake. Pini zote naziweka shingoni, hakuna hata moja kisogoni. Kwa dada zangu wenye rasta na nywele za kusuka, mkanda wa Quest 3 umegawanyika nyuma, kwa hiyo unaweza kupitisha fundo la nywele katikati.

Miwani: ndani ya boksi la Quest 2 kuna kipande cha plastiki cha kuongeza nafasi, watu wengi wanakiacha humo humo. Kiweke. Fremu isizidi upana wa milimita 142 wala kimo cha 50, na uanzie mbele unapovaa: ingiza miwani kwanza kwenye hedseti, kisha vuta mkanda nyuma. Ukivaa kwa kuanzia kisogoni unaisukuma miwani kwenye lenzi. Lenzi za hedseti ni plastiki laini, zikichunwa hazirudi.

Kigezi Baridi (Kabale)

Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,800 juu, na shida yetu ni ukungu wenyewe, ukungu halisi. Asubuhi hedseti imelala kwenye meza, lenzi ni za baridi. Ukiivaa tu, joto la uso linazifunika zote.

Ninachofanya: naiwasha, naiacha ijipashe yenyewe kwa dakika kadhaa ikiwa imelala kifudifudi kwenye kitambaa safi, ndipo navaa. Na usivae ukitoka kupanda mlima au kubeba maji, subiri jasho likauke. Ukungu ukija, ivue, uache hewa ipite. Usipanguse kwa shati wala kanga. Kitambaa laini cha miwani, kikavu, kuanzia katikati ya lenzi kwenda nje. Spiriti na dawa za kusafishia vioo hapana kabisa, zinaharibu lile tabaka la juu.

Mpima Macho (Mbarara)

Nafurahi uzi huu umeanzishwa, maana haya maswali tunaulizwa chumbani na watu hawana pa kuyasoma kwa lugha yao.

Jambo moja likieleweka mengine yanafunguka. Ndani ya hedseti, skrini iko sentimita chache kutoka jichoni, lakini lenzi zinafanya jicho lilenge kama vile linatazama kitu kilicho mbali, kwa hedseti nyingi ni kati ya mita moja na mbili. Na umbali huo haubadiliki. Mlima uliochorwa kilomita kumi mbele na kikombe kilicho mkononi mwako, kwa lenzi ya jicho lako vyote viko mahali pamoja.

Sasa chukua mtu asiyeona mbali. Mwenye miwani ya namba -0.50 anaona safi hadi karibu mita mbili, kwa hiyo anaweza kutumia hedseti bila miwani na asione tofauti kubwa. Mwenye -3.00 uoni wake safi unaishia sentimita 33 hivi. Huyo bila miwani kila kitu kitakuwa na ukungu, hata ufanye nini na mikanda. Watu wengi huniambia, "Lakini daktari, skrini si iko karibu na jicho?" Iko karibu, ndiyo, ila mwanga unaokufikia ni wa mbali.

Kwa watu wazima wanaovaa miwani ya kusomea pekee, habari ni njema: wengi hawaihitaji ndani ya hedseti. Ivueni.

Na vijana wanaochoka macho: ukisogeza kitu karibu sana na uso ndani ya mchezo, macho mawili yanageukia ndani kukifuata, huku lenzi ya jicho ikibaki imelenga palepale pa mita moja na zaidi. Kazi hizo mbili kwa kawaida huenda pamoja. Zikitenganishwa kwa muda, kichwa kinauma. Vitu vya kusoma viweke umbali wa mkono ulionyooshwa au zaidi, na upumzike kila baada ya nusu saa.

Ukiagiza lenzi maalumu za kupachika ndani ya hedseti, zinatengenezwa kwa namba za miwani yako ya kuonea mbali na ule umbali wa mboni. Umbali huo mara nyingi hauandikwi kwenye karatasi ya vipimo. Mwombe anayekupima auandike. Ni haki yako.

Mzee wa Bwawani (Jinja)

Mwanangu Mpima Macho, umenieleza jambo ambalo nilikuwa naliona lakini sijui sababu yake. Nimeshapita miaka sitini. Gazeti silisomi bila miwani, hata ujumbe wa simu namwita mjukuu. Mjukuu huyo alinivisha hedseti yake sikukuu, akaniingiza kwenye maktaba fulani humo ndani. Nikachukua kitabu, nikakifungua mbele ya pua yangu, nikakisoma. Miwani iko mezani! Nikakisogeza karibu zaidi, bado herufi ziko safi. Nilikaa humo mpaka wali ukapoa.

Wazee wenzangu msiogope hiki kitu. Keti kwenye kiti chenye mikono, mtu awe karibu, na anza na picha zilizotulia kabla ya zile za kukimbia.

Msanifu Mtarajiwa (Makerere)

Mimi natumia kwa kazi za chuo, naingia ndani ya majengo ninayoyachora. Picha inatoka kwenye kompyuta kwenda hedseti kwa Wi-Fi. Kwa sisi wa namna hii ukungu una chanzo kingine: picha inabanwa ili ipite hewani. Vipimo vya kwenye ramani vinakuwa mavumbi matupu.

Dawa yake: kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, hedseti ishike mawimbi ya GHz 5 na wewe uwe chumba kimoja na ruta. Hosteli zetu GHz 2.4 imejaa majirani, haifai. Au tumia waya wa USB moja kwa moja. Na kwenye programu ya kurushia picha pandisha kiwango cha data. Mara nyingi kinakuja kikiwa cha chini.

Mkongo wa Katwe

Ndugu zangu, mimi michezo si yangu, napenda video za 360, zile zinazokuzunguka pande zote. Niliangalia moja ya maporomoko ya Murchison, imeandikwa 4K, lakini maji yalikuwa kama pamba. Kwenye televisheni ya rafiki 4K ni safi kabisa. Hapo tatizo ni hedseti au ni macho?

Mwenye Chumba (Ntinda)

Ndugu, si hedseti wala macho. 4K ya kawaida ina pikseli, yaani nukta za picha, 3,840 kwa upana, na kwenye televisheni zote ziko mbele yako. Video ya 360 inazigawa hizo 3,840 kuzunguka mwili wako mzima, hadi mgongoni. Gawanya kwa nyuzi 360, unapata kama pikseli 11 kwa kila nyuzi moja. Quest 3 yenyewe ina uwezo wa 25 hivi. Kwa hiyo hedseti inaonyesha kile ilichopewa. Tafuta zilizorekodiwa kwa 8K, na uchague ubora mwenyewe kwa mkono, kwa sababu bando likilegea programu inashusha ubora kimyakimya.

Jicho la Kushoto (Gulu)

Mimi jicho moja ni zembe tangu utotoni. Picha za kutokeza kwa macho mawili sizipati, na niliambiwa nisijisumbue na VR. Nataka wenye hali yangu wajue kwamba inafaa. Ukisogeza kichwa, vilivyo karibu vinahama haraka na vya mbali vinahama polepole, kwa hiyo ubongo unapata kina kwa njia hiyo. Lenzi nazipanga kwa ajili ya jicho zima. Michezo ya kudaka mpira inanishinda, ya kutembea na kuvua samaki naifurahia sana.

Mama Wawili (Entebbe)

Na watoto je? Wangu ana miaka minane, ananililia kila siku.

Mpima Macho (Mbarara)

Mama, Meta wenyewe wanaanzia miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wa minane mwache kwanza. Mboni zake pia ziko karibu sana. Nafasi ya 58 inaweza kuwa bado pana kwake, na uzito wa nusu kilo kwenye shingo ile ni mwingi. Akitaka kuona, mrushie picha kwenye televisheni mtazame pamoja.

Kijana wa Kikuubo

Wakuu, kuna mtu ananiuzia Quest 2 ya mtumba. Nitajuaje kama bado inaonyesha vizuri? Fundi hapa mjini aliniambia nyingi zimeungua na jua.

Mwenye Chumba (Ntinda)

Fundi amesema kweli. Lenzi hizo zikielekea jua, hata dirishani tu, zinakusanya miale na kuichoma skrini. Kwa jua letu hili haichukui muda. Inabaki doa, na doa haliondoki bila kubadilisha skrini.

Usilipe kabla ya kuiwasha. Fungua ukurasa mweupe mtupu, fumba jicho moja moja, tafuta doa la njano au jeusi. Zima, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni uone michubuko. Ikiwa katikati, achana nayo, ya pembezoni inavumilika. Sukuma lenzi kwenye nafasi zote tatu zisikie zikikamata. Ukiona maandishi meupe kwenye giza yanatoa miale ya mviringo, hiyo ni kawaida ya lenzi za Quest 2, si ubovu. Na uulize kile kipande cha kuongeza nafasi ya miwani kama kipo.