Je, msimamo wa kisiasa wa mwanahabari huingia katika habari anazotuletea?

Mkazi wa Umoja:
Ndugu zangu, baada ya uchaguzi wa urais wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 tulikesha sebuleni tukihama kutoka stesheni moja ya runinga hadi nyingine, na hesabu hazikulingana: hapa William Ruto yuko mbele, kule Raila Odinga. Fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, zilikuwa zilezile; IEBC, tume ya uchaguzi, ilikuwa imeziweka kwenye tovuti yake kila mtu azione. Jirani yangu aliapa kwamba kila stesheni ilikuwa ikimhesabia mtu wake. Je, mwenye chama moyoni anaweza kuripoti kwa haki?

Mhariri, Kinoo:
Ndugu, mfano huo hauthibitishi upendeleo. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, na fomu zilikuwa zikijumlishwa moja baada ya nyingine. Anayeanza na za Uasin Gishu, ngome ya Ruto, hawezi kupata picha sawa na anayeanza na za Siaya, ngome ya Raila, hata kama wote wawili ni waaminifu kabisa.

Msimamo huingia kwa mlango mdogo zaidi. Katika maandamano ya Juni 2024, kumwita kijana aliyeko barabarani “mwandamanaji” au “mhuni” kulikuwa kutoa hukumu kabla ya habari kuanza. Vivyo hivyo, mwanasiasa mmoja “anafafanua” na mwenzake “anadai”, ilhali wote wawili wamesema tu. Mimi mwenyewe niliwahi kupitia taarifa zangu za mwezi mzima nikagundua kwamba kila nilipohitaji maoni nilimpigia mtu wa upande niliokuwa nimeupigia kura, kwa kuwa nambari yake ndiyo niliyokuwa nayo. Sikuwa nimeandika uongo hata mstari mmoja, lakini msomaji wangu alikuwa amesikia sauti moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu, Buruburu:
Mheshimiwa Mhariri, nakubaliana nawe kuhusu maneno, ila naona unambebesha ripota mzigo wa wenye nguvu kumliko. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru, serikali ilizima matangazo ya runinga za NTV, KTN na Citizen, na hata Mahakama Kuu ilipoamuru yarudishwe, agizo halikutiiwa mara moja. Siku hizo hakuna aliyeuliza ripota yupi alimpigia nani kura. Ongeza hapo mwenye kampuni na matangazo ya biashara yanayolipa mishahara. Isitoshe, Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inapodai kutopendelea, inavitaja vyombo vya habari vinavyomilikiwa na serikali; kampuni za watu binafsi hazitajwi hapo.

Mkazi wa Umoja:
Nawashukuru nyote. Mhariri, nisaidie jambo moja: taarifa ikishaandikwa, ni nani ofisini mwenu anayekagua vitenzi hivyo vya “anadai” na “anafafanua”?

Mhariri, Kinoo:
Ni mhariri msanifu, naye usiku wa uchaguzi huwa na taarifa nyingi kuliko dakika. Ndiyo maana siku hizi nabadili vitenzi vyote viwe “alisema” kabla ya kumpelekea.